Viboko wa Ziwa Edouard na Samaki Waliopungua Sahanini



Akina mama wanaouza samaki katika masoko yetu ya Kivu Kaskazini wana lalamiko lisilobadilika mwaka hata mwaka: tilapia wa Ziwa Edouard amekuwa mdogo, amekuwa haba, na bei yake yapanda. Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba wavuvi wamezidi, au kwamba vita vimeharibu kila kitu. Majibu hayo mawili yana ukweli ndani yake. Lakini mzee mmoja wa Vitshumbi, mvuvi tangu utoto wake, alinijibu siku moja kwa maneno machache: «Mwalimu, samaki walikwenda pamoja na viboko.» Vijana waliokuwa nami walicheka. Kiboko hali samaki wala hazai samaki. Iweje samaki wamfuate?

Mzee yule hakufanya mzaha. Katika jibu lake mna somo ambalo sisi walimu huliandika ubaoni kwa neno gumu, «bayoanuai», yaani wingi wa aina za viumbe na namna wanavyotegemeana. Wanafunzi hulinakili katika daftari na kulisahau kabla kengele haijalia. Leo napenda tulisome somo hilo kwa njia nyingine, kwa kufuata historia ya mahali pamoja tunapopajua. Tutaona mambo mawili. La kwanza, kiumbe akiondolewa haondoki peke yake. La pili, mkono unaomwondoa ni nadra kuwa mmoja. Ni mikono mingi iliyofuatana kwa miaka, na baadhi ya mikono hiyo ni yetu.

Ziwa lililolisha watu tangu kale

Ziwa Edouard liko mpakani mwa nchi yetu na Uganda, na sehemu yake kubwa iko Kongo. Upande wa kusini mito ya Rwindi na Rutshuru huleta maji yake ziwani. Upande wa kaskazini, pale Ishango, mto Semliki hutoka na kuelekea Ziwa Albert, na maji yake hatimaye huungana na Nile. Jina la Edouard ni la mwana wa malkia wa Uingereza. Stanley ndiye aliyelipa ziwa jina hilo mwaka 1889. Lakini ziwa lilikuwa na watu wake zamani sana kabla ya Stanley.

Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango akapata mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Mfupa huo umejulikana dunia nzima, na wengi huuhesabu miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa watu waliojua kuhesabu. Umri wake ni yapata miaka 20,000, nao leo umehifadhiwa Brussels. Katika udongo ule ule zilipatikana pia ncha za vyusa, zilizochongwa kwa mifupa na kutiwa meno ya kunasia. Maana yake ni hii: miaka 20,000 iliyopita watu walisimama penye ufuo ule wakivua samaki wale wale tunaowatafuta leo.

Watu hao hawakuwa malaika. Waliua, walikula, waliwasha moto. Lakini walikuwa wachache, zana zao zilikuwa na kikomo, na walichokitoa kilirudi. Wengine wakawafuata, kizazi baada ya kizazi, wavuvi, wawindaji, wafugaji na wakulima, na ziwa likaendelea kuwalisha. Tuushike urefu wa muda huo akilini, kwa kuwa uharibifu nitakaousimulia ulihitaji miaka isiyozidi 30.

Mstari uliochorwa juu ya karatasi

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alifika katika milima ya volkeno akapiga risasi gorila kadhaa, ili ngozi zao zipelekwe New York katika jumba la makumbusho. Baada ya kuwaua, moyo wake uligeuka. Alianza kuwasihi wakuu wa Ubelgiji walinde gorila waliosalia. Mfalme Albert wa Kwanza, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembelea hifadhi za Marekani, alikubali. Tarehe 21 Aprili 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima. Akeley alirudi mwaka uliofuata akafa mlimani, kwenye miteremko ya Mikeno.

Mwanzoni hifadhi ilikuwa ndogo, ya milima ile peke yake. Kwa amri za mwaka 1929 na 1935 mipaka ilipanuliwa ikameza tambarare za Rwindi na Rutshuru, maji ya Ziwa Edouard upande wa Kongo, bonde la Semliki na vilele vya Ruwenzori. Hiyo ndiyo tunayoiita leo Virunga, yenye karibu kilomita za mraba 7,800.

Hapa yatupasa kusema ukweli wote. Kulinda viumbe lilikuwa jambo jema, lakini njia iliyotumika ilikuwa ya kikoloni. Watu waliolima, kuwinda, kulisha mifugo na kuvua katika nchi ile walihamishwa au walifungiwa njia. Katika tambarare za ziwa ugonjwa wa malale nao ulitolewa kuwa sababu ya kuwaondoa wakaaji. Uvuvi ukaruhusiwa katika vituo vichache. Mpaka leo vinavyotambuliwa na sheria upande wetu ni vitatu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mababu wengi hawakuulizwa kwa haki, na wale waliosemekana kukubali hawakuelewa kwamba wanatoa nchi kwa vizazi vyote vijavyo.

Kutokana na jeraha hilo ukazaliwa msemo ambao bado twausikia vijijini: kiboko ni mnyama wa Leta. Si wa kijiji, si wa ukoo, ni wa serikali. Anapokanyaga shamba la mtu, mwenye shamba hana haki. Mtu akimgusa, hutupwa gerezani. Mnyama wa Leta ana ulinzi maadamu Leta ina nguvu. Siku Leta itakapoanguka, nani atamtetea? Swali hilo lilingoja miaka 60 kupata jibu lake.

Miaka ya wingi

Uhuru ulipokuja mwaka 1960 wengi huko Ulaya walidhani hifadhi imekwisha. Haikwisha. Walinzi Wakongomani walibaki katika vituo vyao katikati ya machafuko, wengine bila mshahara, na wengine walikufa kwa kazi hiyo. Mwaka 1969 hifadhi iliacha jina la mfalme ikaitwa Virunga. Mwaka 1979 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Katika miaka ya 1970 watafiti walihesabu viboko wa Virunga wakapata zaidi ya 25,000. Hakuna mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na wingi huo. Wanaokumbuka siku zile husimulia kwamba mtu aliyekaa Vitshumbi usiku hakushangaa kusikia kiboko akila majani nyuma ya ukuta wa nyumba, wala asubuhi kukuta nyayo zake kati ya mitumbwi.

Sasa tulitazame jibu la mzee wetu. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza linapoingia hupanda nchi kavu kula majani, yapata kilo 40 kwa usiku mmoja, na kabla ya mapambazuko hurudi majini. Huko majini ndiko anakotoa sehemu kubwa ya kinyesi chake. Chukueni kalamu: viboko 25,000, kila mmoja kilo 40. Ni kilo milioni moja za majani, yaani tani 1,000, kila usiku. Sehemu kubwa ya majani hayo, baada ya kusagwa tumboni, iliishia mitoni na ziwani.

Mkulima anajua kazi ya samadi shambani. Ziwa nalo lina shamba lake, ila hatulioni. Ni mwani, mimea midogo sana inayoelea na kuyafanya maji yawe ya kijani. Samadi ya kiboko huurutubisha mwani. Wadudu na viumbe wadogo hula humo. Tilapia hula mwani. Kambare na samaki wengine wakubwa hula wale wadogo. Na binadamu hutandaza wavu wake mwishoni mwa safari hiyo. Hivyo kila usiku kiboko alikuwa mchukuzi aliyebeba rutuba ya nchi kavu akaipeleka majini, bila mshahara wala shukrani.

Nchi kavu nayo ilipata kazi yake. Mahali viboko wanapolisha, majani hubaki mafupi na mabichi, na swala na nyati huyafuata. Tembo naye, kwa kung'oa vichaka, huzuia mbuga isigeuke kuwa pori la miiba. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake, na kazi ya mmoja ikawa chakula cha mwingine.

Miaka ya bunduki

Je, utajiri huo ulipotea vipi? Haukupotea siku moja, na hakuna mtu mmoja tunayeweza kumnyooshea kidole.

Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Lakini wafanyabiashara waliotafuta pembe waligeuza macho yao kwa meno ya kiboko, ambayo nayo ni meupe na huchongwa mapambo. Mtu anayenunua pambo katika nchi ya mbali hafahamu hata jina la Rwindi. Mkono wake nao umo katika hesabu.

Katika miaka ile ile serikali ya Zaire ilikuwa ikianguka. Mwaka 1991 na 1993 askari wasiolipwa walipora miji. Mshahara wa mlinzi wa pariki ulipungua hata usinunue unga, na bunduki za jeshi ziliingia porini kutafuta nyama ya kuuza.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka na kuwekwa katika kambi kandokando ya hifadhi: Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliohitaji kupika. Makumi ya maelfu waliingia msituni kila siku kutafuta kuni. Mama anayekata tawi ili mwanawe ale uji hastahili kuitwa mharibifu. Hata hivyo msitu ulikatwa. Mwaka huo huo Virunga iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka humo.

Kisha vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Leta ikaanguka kweli, na swali la zamani likapata jibu: hakuna aliyemtetea mnyama wa Leta. Majeshi ya nchi mbalimbali, waasi, wanamgambo wa vijiji, kila mwenye silaha alipata njia ya kwenda ziwani. Kiboko ni shabaha rahisi. Mchana hukaa kundi zima katika kidimbwi kimoja, na mwili wake mmoja hutoa nyama inayohesabiwa kwa mamia ya kilo. Nyama ilikaushwa, ikapakiwa, ikauzwa sokoni, na fedha zikanunua risasi za kuua tena. Meno yakavuka mpaka.

Mwaka 2005 viboko walihesabiwa tena. Hawakufika hata 1,000. Kati ya kila viboko 25 waliokuwako wakati wa babu zenu, 24 walikuwa wameondolewa.

Msidhani pengo la namna hii huzibwa upesi. Kiboko jike hubeba mimba kwa miezi 8, huzaa mtoto mmoja, na hupita yapata miaka miwili kabla hajazaa tena. Kijana mwenye bunduki huweza kumaliza kwa asubuhi moja kundi ambalo maumbile yanahitaji kizazi kizima kulirudisha.

Kilichotokea baada ya bunduki kunyamaza

Viboko walipoondoka, kazi yao haikupata mrithi. Rutuba iliyobebwa kila usiku kutoka nchi kavu ilipungua, na shamba lisiloonekana la majini likapungukiwa na samadi. Majani mafupi ya ufuoni yakarefuka, vichaka vikaingia mbugani, kwa sababu tembo nao waliuawa wakabaki mamia machache. Hapo ndipo maneno ya mzee wa Vitshumbi yanapata uzito wake.

Lakini haitakuwa haki kumbebesha jangili peke yake mzigo wa samaki waliopotea. Ziwa lililokuwa likipoteza rutuba lilikuwa wakati ule ule likipokea wavuvi wengi zaidi. Waliokimbia vita milimani waliteremka ufuoni, kwa maana wavu hauhitaji kungoja msimu kama jembe. Mitumbwi ilizidi idadi iliyoruhusiwa. Vijiji vya uvuvi visivyotambuliwa na sheria vilichipuka, na upande wa magharibi wa ziwa misitu ya miteremko ilifyekwa ikawa mashamba. Watu walianza kuvua katika mazalio, yaani kwenye maji tulivu ya kandokando ambako samaki hutaga mayai na kulea watoto wao. Nyavu za matundu madogo, na hata vyandarua vilivyogawiwa kutukinga na malaria, vilitumika kunasa samaki wasiofikia urefu wa kidole.

Anayevua samaki asiyewahi kuzaa amemvua pamoja na watoto wake wote. Hilo kila mvuvi analijua. Anajua pia kwamba akimwachia leo, jirani atamchukua kesho, na wenye bunduki watadai kodi yao kwa vyovyote. Ndivyo woga na njaa zinavyomfanya mtu mwenye akili timamu akate tawi alilokalia.

Wataalamu wa mataifa waliotoa ripoti yao kuu mwaka 2019 kuhusu hali ya viumbe duniani walikadiria kwamba aina zipatazo milioni moja za mimea na wanyama zimo hatarini kutoweka. Wakataja njia tano ambazo binadamu huzitumia kuleta hasara hiyo: kubadilisha matumizi ya nchi na maji, kuvuna viumbe kupita kiasi, kubadilisha hali ya hewa, kuchafua, na kuhamisha viumbe wageni mahali pasipo pao. Katika historia ya Ziwa Edouard, mbili za kwanza ndizo zinazoonekana wazi: shamba lililoingia msituni, na risasi pamoja na wavu visivyojua kikomo.

Gunia la makala mlangoni petu

Kijana wa mjini anaweza kusoma mpaka hapa akasema: mimi sikuua kiboko, wala sina mtumbwi. Basi na tuingie jikoni mwake.

Goma ina watu zaidi ya milioni moja, na nyumba nyingi hupika kwa makala. Gunia linalofika mlangoni juu ya chukudu lilikuwa mti, na mara nyingi mti huo ulisimama ndani ya Virunga. Biashara hiyo imetajirisha makundi yenye silaha, yanayotoza ushuru kwa kila gunia. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia iitwayo Rugendo, pamoja na dume lao kubwa Senkwekwe, walipigwa risasi. Hawakuliwa, wala watoto wao hawakuchukuliwa kuuzwa. Uchunguzi ulihusisha mauaji hayo na biashara ya makala: kwa wafanyabiashara hao, gorila ndiye sababu ya kuwapo walinzi, na mlinzi ni kizuizi cha gunia.

Sisemi haya ili kumlaumu mama anayepuliza moto juu ya mbabula jioni. Asipopika kwa makala, apike kwa nini? Nasema ili tuone kwamba mnyororo unaotoka katika sufuria yetu unafika mlimani, kama vile mnyororo wa pambo la ng'ambo ulivyofika Rwindi.

Mwenye njaa afanye nini?

Hili ndilo swali ambalo vijana huniuliza kila tunapozungumza mambo haya, tena huniuliza kwa uchungu. Mwalimu, unatuambia tulinde kiboko. Je, kiboko ni bora kuliko mtu? Wazungu waliwaua wanyama wao, wakajenga viwanda. Sisi ndio tubaki na njaa ili wao waje kupiga picha?

Swali hilo ni la haki, na lisijibiwe kwa mahubiri mepesi. Nchi ilichukuliwa bila kuwauliza wenyewe. Hilo ni deni ambalo bado halijalipwa lote. Lakini historia tuliyoifuata inatupa jibu lake. Viboko zaidi ya 24,000 walipouawa, nani alishiba? Vijiji vya ziwa havikutajirika. Nyama ililiwa kwa miaka michache, fedha zake ziliishia mikononi mwa wenye silaha, na meno yakaenda mbali. Njaa ilibaki kwa mvuvi. Leo mtoto wa Vitshumbi analipia kwa samaki wadogo sahanini mwake karamu ambayo hakualikwa.

Kwa hiyo swali la kuchagua kati ya mtu na kiboko limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Kiboko alikuwa upande wa mtu. Maskini ndiye wa kwanza kuumia viumbe wanapopotea, kwa sababu hana duka lingine. Duka lake ni ziwa na msitu. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliweka sehemu nzima kuhusu kupotea kwa aina za viumbe, akalitaja na bonde la Kongo, na katika waraka wote aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Anayetaka kuona maana ya muungano huo na asimame sokoni, atazame bei ya tilapia.

Kilichobaki, na kinachorudi

Historia hii haijafika mwisho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa milima ya Virunga walikuwa karibu 250 tu. Hesabu iliyofanyika mwaka 2015 na 2016 iliwapata 604, baada ya vita vyote vile. Ukijumlisha na ndugu zao wa msitu wa Bwindi, Uganda, gorila wa mlimani leo wamepita 1,000. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 500 walivuka kutoka Uganda wakaingia upande wetu, na walipoanza kung'oa vichaka, majani yalirudi na wanyama wa mbugani wakayafuata. Viboko nao wameongezeka polepole hadi kufika yapata 1,200.

Kuongezeka huko bado ni kama mshumaa mbele ya upepo. Aprili 2025 ugonjwa wa kimeta uliua viboko wapatao 50 katika hifadhi. Kundi la 25,000 lingeumia kidogo likapona. Kundi la 1,200 linapopoteza 50, jeraha ni kubwa. Hiyo ni hasara nyingine ya uchache: kila pigo huwa zito.

Kinachorudi hakirudi bure. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wamepoteza maisha yao kazini katika historia ya hifadhi. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja pamoja na raia. Wengi wa walinzi hao ni vijana wa vijiji vyetu, wenye umri kama wenu. Waliowaua nao, mara nyingi, ni vijana wa vijiji vyetu. Kuna wakati huniumiza kufikiri kwamba waliweza kuwa wameketi pamoja katika dawati moja la shule.

Iko pia kazi isiyohitaji bunduki. Mitambo ya umeme wa maji iliyojengwa kandokando ya hifadhi, kama ule wa Matebe katika Rutshuru, inaonyesha kwamba mto unaotoka msituni unaweza kuwasha taa na kinu cha unga, mradi msitu ubaki. Wavuvi wanaokubaliana wenyewe kuyaacha mazalio, na kukataa nyavu za matundu madogo, wanalinda ziwa kuliko amri yoyote iliyotoka mbali. Amri za kikoloni zilimfanya kiboko awe mnyama wa Leta. Kizazi chenu chaweza kumfanya awe mnyama wa kijiji, ambaye mvuvi humtetea kwa sababu anajua anachompa.

Mzee wa Vitshumbi hakusoma vitabu vya bayoanuai. Alitazama maji kwa miaka 50 akaona kilichofuatana. Nanyi mna macho. Yatumieni mapema, kabla hamjawa wazee wa kusimulia kilichokuwako.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Waulizeni wazee wa familia: ni mnyama, samaki, ndege au mti gani waliouona utotoni na ambao ninyi hamuuoni tena? Uliondoka na nini?
2. Fuateni safari ya gunia moja la makala, au ya samaki mmoja, mpaka linapofika nyumbani kwenu. Ni mikono mingapi imeligusa, na nani amepata faida kubwa?
3. Je, inawezekana kulinda viumbe bila kuwadhulumu watu wanaoishi nao? Tajeni jambo moja ambalo kikundi chenu kinaweza kulianza mwezi huu, nanyi mlitimize.